Mdogo Wangu Waliyemwita Vyeti

Mimi ni msusi, na kompyuta nazijua kwa kelele zake tu. Kwa miaka mingi mdogo wangu alifanyia mazoezi yake kwenye chumba cha nyuma cha saluni yangu, juu ya meza niliyokuwa nawekea mashine za kukaushia nywele. Alikuwa ananunua swichi na ruta zilizochoka, vile visanduku vya kuunganishia kompyuta, kutoka kwa watu wa vyuma chakavu, anazipanga moja juu ya nyingine, anaziunganisha kwa waya, kisha anaziwasha zote kwa mpigo. Ukuta unanguruma! Mteja ameinamisha kichwa, mimi nasuka, na nyuma yetu kunavuma kama kuna kinu cha kusaga unga. Na ole wangu niwashe mashine yangu wakati huo huo. Umeme unakatika, mteja anabaki na kichwa kibichi, na mimi naanza kupiga kelele.

"Wewe! Zima hayo madude yako, mwenye saluni ni mimi!"

"Dada, kidogo tu, karibu niipate."

"Kidogo yako naijua! Mteja wangu atapata mafua hapa!"

Anazima. Anatoka amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, anamwomba mteja radhi kwa adabu zake zote, na mteja anamwonea huruma yeye badala ya kunionea mimi. Ndivyo alivyokuwa. Ukimkasirikia, hasira inakuishia mkononi hujaitumia.

Nayasema haya ili ujue kwamba mdogo wangu hakuokota vyeti vyake vya kompyuta barabarani. Wapo watu wanaotafuta maswali ya mtihani yakiwa na majibu yake, wanayakariri, wanakwenda kuyamwaga huko, wanarudi na cheti. Ukimpa mtu huyo waya mkononi hajui pa kuuchomeka. Yeye hakutaka hata kusikia. Alisema, "Dada, nikifaulu kitu nisichokijua nitakuwa nimemdanganya nani?" Mimi nikamwambia utakuwa umemdanganya mwajiri, na mshahara utaula vizuri tu. Akacheka, akarudi kwenye madude yake.

Siku moja nilimsindikiza kwenye mtihani. Weee! Nilidhani wanaingia kumwona rais. Geuza mifuko nje, vua saa, kunja mikono ya shati waone hujaandika kitu, simu ifungiwe kwenye kabati. Unakaa kwenye kibanda chako peke yako, kamera juu ya kichwa, na ukimaliza hakuna kusubiri matokeo miezi mitatu. Mashine inakwambia hapo hapo umepita au umeanguka. Nilikaa nje kwenye benchi nikimkodolea macho kila anayetoka, mimi nisiye na mtihani. Akatoka ameinamisha uso, nikajua basi. Kumbe ananichezea. Alipofika karibu akainua kichwa akacheka, na lile pengo lake la mbele likaonekana lote. Nikampiga na mkoba wangu kisha nikamkumbatia, tukalia pale pale mlangoni kama wafiwa, mlinzi anatushangaa.

Baba yetu ni seremala aliyestaafu. Mikono imeanza kumtetemeka, lakini mpe ubao uone. Kila cheti kilichokuja, yeye ndiye aliyekitengenezea fremu, pembe zimekutana hata unywele haupiti, na ni yeye aliyekitundika sebuleni. Mgeni akija hapewi hata maji kabla hajatembezwa ukutani. "Hiki ni cha mitandao. Hiki ni cha usalama wa mitandao. Hiki sikijui, lakini ni kikubwa kuliko vile." Tatizo ni kwamba vyeti hivi vina umri. Baada ya miaka mitatu cheti kinakufa, labda urudi ukafanye mtihani upya. Siku mdogo wangu alipomweleza hilo, baba alikasirika kama ametukanwa yeye.

"Kinakufaje? Mimi cheti changu cha kuzaliwa kina miaka sabini, mbona hakijafa?"

"Baba, teknolojia inabadilika."

"Mbao nazo zinabadilika, mbona hakuna aliyekuja kunipokonya useremala?"

Kwa hiyo vya zamani havikushuka. Vipya vikapanda juu yake, ukuta ukajaa mpaka karibu na dari, na mdogo wangu akawa anasoma muda wote, kwa sababu kila alipomaliza cha juu, cha chini kilikuwa kinakaribia kukata roho.

Akapata kazi. Ilikuwa kampuni ya kufunga mitandao, wale wanaoingia kwenye ofisi, shule na hospitali, wanatandaza waya na kuhakikisha kila kompyuta inaongea na mwenzake. Bosi alivitazama vile vyeti kimoja baada ya kingine, akasimama kwenye kiti chake kumpa mkono. Akamwambia, "Kijana, mtu kama wewe ndiye tuliyekuwa tunamtafuta." Mdogo wangu alinisimulia maneno hayo mara ngapi sijui, na kila mara alisimama na yeye, akanipa mkono kunionyesha. Nami nikafurahi. Na kusema kweli Bosi hakudanganya, walikuwa wanamtafuta kweli. Ila hakusema wanamtafutia nini.

Kumbe kampuni kama ile ikiomba tenda, inatakiwa ioneshe ina mtaalamu mwenye vyeti kadhaa. Bila vyeti hivyo maombi yao hayafunguliwi hata bahasha. Basi mdogo wangu akawa ndiye mtaalamu. Nakala za vyeti vyake, picha yake, jina lake lote, vinabanwa kwenye kila ombi. Tenda inapatikana, wanapiga makofi, halafu anayekwenda kufunga mtandao ni kaka wa mke wa Bosi. Ofisi nzima walimwita Shemeji, hata wafagizi, na jina hilo ndilo lilikuwa cheti chake. Sisemi hakuwa mtu wa watu. Alikuwa mcheshi, mkarimu, akija anasalimia kila mtu. Lakini waya alikuwa anaufunga kama anafunga kuni.

Na mdogo wangu? Mdogo wangu alibaki ofisini kutoa karatasi zilizokwama kwenye printa. Akibadilisha wino. Akimwonyesha mhasibu, kwa mara ya mia, jinsi ya kurudisha neno la siri alilosahau. Huko ndiko walikompa jina la Vyeti. "Vyeti, njoo uone hii printa." "Vyeti, kuna tenda, leta nakala." Wakicheka, naye akicheka nao.

Mimi damu ilikuwa inanichemka. Nikamwambia mara nyingi, "Wanakufanya wewe mhuri. Wanagonga, wanakurudisha kwenye droo." Yeye akasema subiri dada, nikipata kile cha juu zaidi hawataweza kuniacha ofisini, watakuwa hawana ujanja. Akakipata cha juu zaidi. Wakamnunulia keki, wakaomba tenda kubwa zaidi, na Shemeji akapewa gari.

Ujue alichokuwa anakitaka, maana hakikuwa kikubwa. Hakuwa na tamaa ya gari wala cheo. Alitaka jengo moja. Jengo moja lenye watu wanaofanya kazi ya maana ndani yake, na mtandao wake aambiwe ni wako, uulee, ukilala ni juu yako, ukiamka ni juu yako. Nilimwuliza siku moja, hivyo tu? Akasema hivyo tu.

Akaanza kutafuta kwingine. Kila alikokwenda walivisifu vyeti, kisha wakauliza swali moja: umewahi kufanya kazi wapi? Akitoa barua ya kampuni, imeandikwa msaidizi wa ofisi, kwa sababu mshahara wa mtaalamu hawakutaka kumlipa. Mmoja alimwambia kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, umesoma sana lakini hujafanya." Alirudi saluni akakaa kwenye meza yake bila kuwasha kitu chochote. Siku ile ndiyo nilitamani zile mashine zingurume.

Sisemi vyeti havina thamani, jamani, msininukuu vibaya. Vilikuwa na thamani kubwa. Bosi amejenga kwa vyeti vile. Shemeji ametembelea gari kwa vyeti vile. Mwenyewe tu ndiye hakufaidi.

Ikatokea nafasi hospitali. Hospitali kubwa, ile tunayotibiwa sisi wote, ilikuwa inatafuta mtu wa kusimamia mtandao wake: maabara, famasi, wodi, mapokezi, kila kitu. Na ilikuwa imechoka, hilo kila mgonjwa alilijua. Unakwenda kutibiwa, unaambiwa mfumo umelala. Majibu ya damu yamo kwenye kompyuta ya maabara, daktari yuko ghorofa ya pili hayaoni, muuguzi anapanda ngazi na kushuka na vikaratasi mkononi. Mdogo wangu alipoona tangazo lile aliacha kula. Akasema, "Dada, hii ndiyo yenyewe." Baba akampigia pasi shati kwa mkono wake, hakukubali mimi niliguse.

Aliyemhoji alikuwa katibu wa hospitali, mama mmoja mtu mzima, miwani kwenye ncha ya pua, asiyependa maneno mengi. Mdogo wangu alikuja saluni moja kwa moja kutoka huko, akanisimulia nikiwa na kichwa cha mteja mkononi, na yule mteja naye akageuka kusikiliza.

Anasema yule mama alifungua karatasi zake, akasoma jina, akavua miwani.

"Hili jina tunalijua hapa."

Mdogo wangu akadhani ni sifa. Akatabasamu.

"Limebandikwa kwenye mlango wa kabati la mtandao, kule chini. Wauguzi wangu wanalitukana kila siku aliyowapa Mungu."

Ndiyo utaratibu wa kampuni ile. Wakimaliza kufunga mtandao wanabandika kibandiko mlangoni: umefungwa na fulani, jina lake lote, mtaalamu mwenye vyeti hivi na hivi. Shemeji alikuwa anabeba vibandiko hivyo kwenye gari vikiwa vimeshachapwa. Kazi ya hospitali ilikuwa yake. Jina lilikuwa la mdogo wangu. Watu wazima wenye mavazi meupe, watu wanaookoa roho za wenzao, walikuwa wanamlaani mtu ambaye hajawahi kukanyaga ghorofa ile ya chini.

"Mama, mimi sijawahi kufika hapa. Naapa."

"Basi kampuni yenu ilitudanganya kwa vyeti vyako, na wewe ulivitoa. Au ulifika, na ndiyo kazi yako. Unataka nichukue lipi?"

Nikamwuliza, ukajibuje? Maana mimi ningeshaangua kilio au ningeshapindua meza. Alisema alizikusanya karatasi zake kwanza. Halafu akasema, "Mama, usichukue lolote. Nipe ufunguo wa lile kabati. Jumamosi na Jumapili, wagonjwa wa nje wakiwa hawapo. Ukiona sijui ninachofanya, nifukuze." Yule mama akavaa miwani yake, akasema ufunguo atauacha kwa mlinzi.

"Na Bosi wako?" nikamwuliza.

"Bosi hajui."

"Usimwambie," mteja wangu akadakia. Nikamwambia akae vizuri nimalizie.

Jumapili mchana nilimpelekea chakula. Mlinzi akaniteremsha mpaka chumba cha chini, chumba cha joto kisicho na dirisha, kabati refu la chuma limesimama wazi. Mlangoni pake nililiona jina la mdogo wangu limechapwa kwa herufi nene, na chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu tusi ambalo sitalirudia. Waya alizozitoa zilikuwa zimelundikana sakafuni, zingeweza kujaza mkokoteni. Yeye alikuwa amepiga magoti, suruali ya kazini imekunjwa, jasho linamtiririka, anaimba. Anaimba! Ana sauti mbaya tangu utotoni, lakini sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu, nikasimama pale na sufuria yangu nikiogopa kumkatisha.

Akaniona. Badala ya kula akanishika mkono kunionyesha.

"Dada, unaona huu waya? Ulitoka kwenye swichi hii ukarudi kwenye swichi hii hii. Huu mmoja tu. Ujumbe ukiingia unazunguka humo humo, unajirudia, unajirudia, mpaka wenye shughuli hawapati njia. Kama wale majirani zako wawili wakirudishiana umbeya, mtaa mzima hausikilizani."

"Sasa Shemeji aliuwekea nini?"

"Aliona tundu liko wazi."

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Halafu akanionyesha alivyopanga upya. Kila waya umelala na mwenzake, umefungwa, na kila mmoja una jina: maabara, famasi, wodi ya wazazi, chumba cha watoto wachanga. Alikuwa ametenga njia ya wagonjwa wanaotumia simu zao na njia ya madaktari, zisigongane. Anaeleza haraka haraka, maneno yanapandana, mikono haitulii. Mimi sikuelewa hata robo. Nilikuwa nautazama uso wake. Nilimlea mtoto yule tangu mama yetu alipofariki, nyuso zake zote nilidhani nazijua, kumbe huo sikuwahi kuuona.

"Hii ndiyo niliyosomea, dada," akasema. "Hii hapa."

Kisha akala, chakula chote, akakwangua sufuria.

Jumatatu mfumo ukaamka. Ukaendelea kuwa macho wiki nzima, na wiki iliyofuata. Wateja wangu wawili ni wauguzi pale, wakaja wakinisimulia bila kujua wanamsimulia nani. Hakuna tena kupanda ngazi na vikaratasi. Majibu ya damu yanamfikia daktari kabla mgonjwa hajafika kitini. Mimi nasuka nimevimba kama andazi. Nilitamani kusema ni mdogo wangu yule, lakini alinikataza mpaka barua ya kazi itoke.

Baba yeye hakusubiri. Alishanunua ubao wa mninga, amekata vipande vinne, akawa ananiuliza kila nikipita, "Barua ya kazi ina ukubwa gani? Kama cheti au ndogo kidogo?" Nikamwambia baba, subiri kwanza ije. Akaniambia mimi ni mtu wa mikosi.

Katibu akamwita. Nilifunga saluni nikaenda naye, nikasema safari hii sikai nje. Yule mama hakunifukuza. Alituamkia, akatukalisha, na nikaona ameanza kwa kufuta miwani yake, anafuta, anafuta, miwani iliyokuwa safi. Hapo nikajua.

"Mwanangu," akamwambia, "kazi uliyoifanya sijawahi kuiona. Nimeisema kwenye kikao mbele ya wote."

"Asante, mama."

"Wakasema, basi kama mfumo umetulia hivi, mtu wa kuajiriwa atakuwa anafanya nini? Atakaa anautazama? Nafasi wameifuta."

"Nilibishana nao," yule mama akaendelea. "Nikawaambia kitu kinachofanya kazi kinahitaji mwenyewe. Wakaniambia mwenyewe yupo, si kampuni? Mtaalamu wao amekuja mwenyewe kurekebisha, jina lake si lipo mlangoni? Wakawaongezea mkataba."

Niliruka. Nasema ukweli, niliruka kwenye kile kiti. "Kwa hiyo mmewapa zawadi waliowaharibia, na huyu aliyewatengenezea mmemwambia asante? Hivi nyie mna akili kweli? Angewaachia mfumo wenu umekufa si angekuwa na kazi leo?"

"Dada," mdogo wangu akasema taratibu.

"Dada nini! Sema na wewe! Una mdomo wa nini?"

"Dada, tuondoke. Mama huyu hana kosa."

Akamshukuru. Alimshukuru, sikwambii uongo, akampa mkono, na akamwambia feni ya kabati isafishwe kila mwezi, vumbi likijaa joto linapanda. Yule mama akageukia dirishani, akajibu kwa kichwa. Nje mdogo wangu alitembea mbele yangu njia nzima. Nilimwita, hakugeuka, nikaacha kumwita nikawa nafuata tu mgongo wake huku nalia barabarani hadharani bila haya.

Tulipofika nyumbani baba alikuwa uani na vile vipande vyake vinne, msasa mkononi. Akatutazama nyuso. Mzee amekula chumvi nyingi, hakuuliza. Alichukua vile vipande akavifunga kamba, akaviweka juu ya kabati la nguo. Usiku ule hakula, akasema meno yanamuuma.

Kesho yake Bosi alikuwa ameshapigiwa simu na hospitali. Alimwita mdogo wangu katikati ya ofisi, akamkumbatia mbele ya kila mtu. "Vyeti umetuokoa! Huyu kijana ni hazina!" Wakapiga makofi, wakanunua soda, Shemeji mwenyewe akampiga bega akamwambia siku nyingine amwite wakafanye wote. Soda ikiwa bado mkononi, Bosi akasema kuna hospitali nyingine mbili zimeona kazi ile, zinatangaza tenda, na kile cheti chake cha juu kinakaribia kuisha, ajiandae akafanye mtihani mapema.

Mdogo wangu akauliza, "Nitakwenda mimi kufunga?"

"Atakwenda Shemeji. Wewe ukienda, hapa ofisini nani ataona mambo?"

Akaweka soda mezani, akachukua koti lake. Hakutukana mtu, hakuaga. Mhasibu ndiye aliyenisimulia, alikuja kusukwa.

Nilidhani atapumzika siku mbili tatu kisha atapiga moyo konde, ndivyo alivyokuwa siku zote. Simu zilikuja, tena nyingi, kwa sababu habari za kampuni kupoteza mtaalamu zinatembea. Kila aliyepiga alitaka kitu kimoja: nakala. Mmoja alimwambia waziwazi, "Huna haja ya kuja kazini kabisa. Wewe kaa nyumbani, sisi tutatumia jina tu, tukipata tenda tunakukumbuka." Aliiweka simu ile kwenye spika niisikie. Mimi nikaitukana mpaka ikakatika. Yeye alikuwa anautazama ukuta.

Ile siku cheti cha juu kilipokufa niliifahamu kwa sababu simu yake ilimkumbusha wiki nzima, inalia, anaizima, inalia, anaizima. Nilimwambia nitamlipia mtihani mimi, nitauza mashine moja ya kukaushia. Nilimwambia atumie chumba cha nyuma asubuhi mpaka jioni, umeme ukatike, wateja wapate mafua, sijali. Akasema asante dada. Baada ya siku chache watu wa vyuma chakavu walikuja na mkokoteni wakabeba swichi na ruta zote. Aliwasaidia kupakia.

Sasa ananisaidia saluni. Anachemsha maji, anakunja taulo, anafagia nywele, anawaendea wateja soda. Ni mtu mzima, ana mvi mbili tatu hapa kwenye sikio. Anafanya vizuri, kila taulo imekaa pembe kwa pembe. Baba anapita anamwona na ufagio, anajifanya hajaona, anaendelea na safari yake ambayo haina mwisho wala mwanzo.

Juzi nilikuwa namsuka mama mmoja wa makamo, mgeni hapa kwangu, ana simu mpya aliyoletewa na mwanawe. Imemshinda kuiunganisha na intaneti, anabonyeza, anaguna, anabonyeza. Mdogo wangu alikuwa anafagia karibu na miguu yake. Yule mama akamtazama, akamtazama tena.

"Samahani baba," akasema. "Wewe si ndiye yule mtaalamu wa kompyuta? Kuna muuguzi kule hospitali, nadhani ni dada yako, alinisimulia..."

"Si dada yangu huyo, mama."

"Lakini si wewe? Wanasema kuna fundi alikaa siku mbili chini kule akaifufua hospitali nzima. Nimeambiwa ndugu yake ni msusi mtaa huu."

Ufagio ukasimama. Nikasubiri. Rasta ikanitoka vidoleni. Nilikuwa nasema kimoyomoyo, sema ndiyo, mdogo wangu, sema ndiyo, mara moja tu mtu anakuita kwa kazi ya mikono yako.

"Umenifananisha, mama," akasema. "Mimi mambo ya kompyuta siyajui."

Akazoa nywele kwenye kizoleo, akatoka kwenda kuzitupa. Yule mama akaniuliza kama kuna mtu mwingine hapa mtaani anayeweza kumsaidia na simu yake. Nikamwambia simjui, nikaishika ile rasta nikaanza upya, na alipouliza mbona nalia nikamwambia ni dawa za nywele.